Vidole Vilivyokataa Kusamehe

Emily Nyanchoka hajawahi kuugua, na anayebisha amwulize mwenyewe. Alipovunjika kifundo cha mguu mwaka ule wa mvua nyingi, alisema ameteleza kidogo. Alipopata malaria hadi akawa anazungumza na ng'ombe kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuelewana nayo hata shuleni, alisema ni uchovu. Huyu ni mama wa miaka hamsini na minne, mke wa Machogu, mkulima wa chai juu kidogo ya soko la Ikonge huko Nyamira, shemasi wa kanisa la Wasabato, na mchumaji ambaye kapu lake hujaa wakati wenzake bado wanahangaika na kamba za aproni. Kwake, wagonjwa ni watu wengine.

Kwa hiyo vidole vyake vilipoanza kugeuka vyeupe, miaka mitano iliyopita, hakumwambia mtu. Ilianza asubuhi za Julai, wakati umande wa majani ya chai unapokuwa baridi hadi unauma. Kwanza vidole viwili vya mkono wa kulia, mwaka uliofuata vinne, kisha mikono yote miwili. Damu ilikimbia kuanzia ncha hadi kiungo cha pili, pakabaki weupe wa chaki na mpaka uliokatika wazi kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Vikafa ganzi. Baada ya muda vikawa na rangi ya wino, halafu vyekundu, na hapo kwenye wekundu ndipo vilipochoma kama vimetumbukizwa kwenye siafu. Nusu saa, yamekwisha, na Emily anaendelea kuchuma.

Kuficha kulimtaka akili, na akili alikuwa nayo. Shambani, vidole vikibadilika, aligeuka kurekebisha kapu. Nyumbani alivizungushia kikombe cha maziwa moto, au akavichomeka kwenye majivu ya jikoni akisingizia kutafuta viazi. Tatizo lilikuwa kanisani, maana pale baada ya ibada watu hutoka kwa mstari mlangoni, kila mmoja akiwapa mkono wote waliotangulia, na kukwepa haiwezekani. Emily alitoa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mtu ambaye mikono yake imelowa. Kwa kuwa ni shemasi, watu walidhani ametoka kuosha vyombo kweli, na sifa yake ya uchapakazi ikazidi kukua.

Sasa ugomvi. Bochaberi ni mke wa ndugu yake Machogu. Yeye na Emily waliolewa katika boma lile mwaka mmoja, wakalizwa na mama mkwe mmoja, wakapokezana watoto mgongoni hadi watoto wenyewe wakachanganyikiwa. Kati ya nyumba zao kulikuwa na njia katikati ya migomba, imekanyagwa hadi inang'aa. Leo imeota nyasi na mbuzi wa Machogu wanalishia hapo.

Kilichotokea ni hiki. Miaka mitatu iliyopita, wazazi wa mchumba wa Joyline, binti yake Emily, walikuja kujitambulisha. Ilikuwa Julai. Emily aliamka mapema akaosha chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu ambayo hurushiwa udongo na kila tone la mvua na hutaka kuoshwa mara tatu, nne. Maji yalikuwa ya chemchemi. Aliosha, akachemsha, akatia maziwa, na nyumba ikanukia vizuri. Wageni wakaketi, ugali wa wimbi ukaletwa, maombi yakaombwa kwa urefu unaostahili wageni. Bochaberi alikuwa ameketi ubavuni mwa mama mkwe mtarajiwa. Alitia tonge mdomoni, akatafuna mara moja, akasimamisha taya.

"Mama Joyline," alisema, "hii mboga iko na mchanga."

Hakusema kwa ubaya. Bochaberi ameumbwa hivyo: akiona kitu hukitaja, na huwezi kumlaumu zaidi ya unavyoweza kumlaumu jogoo kwa kuwika. Lakini wageni walikuwa wameacha kutafuna, wote wakawa wanamtazama Emily.

"Mboga yangu haina mchanga," alijibu. "Labda ni meno yako yanavunjika." Na kwa kuwa bado walikuwa wanamtazama, akaongeza: "Msimsikize. Huyu amezoea uongo."

Wageni walikuwa watu waliolelewa vizuri, wakaendelea kula. Ila baba yake bwana harusi alisikika akitafuna, na kila akibana meno ni kama lori linageuza kwenye barabara ya changarawe. Harusi ilifanyika ikapendeza, Joyline akahamia Nyanchwa na mumewe, na Bochaberi hakuhudhuria.

Emily alimkosa. Nalisema mimi kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza kulisema hata angewekewa kisu shingoni. Binti alikuwa ameondoka, na Machogu ni mume mwema lakini mazungumzo yake huanza kwa ng'ombe na kuishia kwa ng'ombe. Hakubaki mtu wa kucheka naye mambo ya wanawake, mtu anayekumbuka mama mkwe alivyokuwa akihesabu mayai. Emily alimtaka Bochaberi arudi katika ile njia ya migombani. Alimtaka sana. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye Emily asionekane kuwa na kosa. Akafikiri miaka mitatu, akapata dawa: atamsamehe.

Siku ya kusamehe ilikuwepo tayari kwenye kalenda ya kanisa. Kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu, wanaume darasani, wanawake katika jengo la jikoni, wawili wawili, mmoja ameketi na mwenzake amepiga magoti mbele ya beseni. Wengi huchagua rafiki. Lakini desturi ya pale ni kwamba mwenye neno na mwenziwe humtafuta siku hiyo, kwa hiyo ukiona mwanamke ameinua beseni na kuwapita marafiki zake wote, shingo zote zinageuka.

Sabato ya Julai mwaka huu ziligeuka. Emily aliwapita marafiki saba akasimama mbele ya Bochaberi.

"Sabato njema, Mama Geoffrey. Utaniruhusu?"

Bochaberi akavua viatu. Kuna mwanamke pale nyuma aliyeanza kulia mapema, ili asichelewe.

Emily alipiga magoti. Hotuba alikuwa ameitunga wiki nzima akichuma chai, na ilikuwa nzuri, yenye upole mwingi na lawama kidogo iliyofunikwa vizuri. Alishika mguu wa kushoto, akauosha, akaufuta kwa taulo. Maji yalikuwa yametekwa chemchemini alfajiri hiyo. "Bochaberi," alisema, kwa sauti ya kufika hadi ukutani, "kwa yale yote uliyonitendea mbele ya wageni, mimi kutoka moyoni nimekusamehe." Akanyoosha mikono kuchukua mguu wa kulia, na vidole vyote kumi vilikuwa vyeupe.

Mama Anyona, aliyekuwa akizunguka na jagi la maji, ndiye aliyeona wa kwanza. Jagi lilibaki hewani.

"Bwana Yesu," alisema polepole. "Tazameni mikono ya shemasi."

Wakatazama. Wengine walisimama juu ya viti ili watazame vizuri. Aliyekuwa akilia alinyamaza, maana hili sasa halikuwa la kulilia.

"Mdomo unasema amesamehe," mmoja alinong'ona, kwa mnong'ono wa watu sitini, "lakini mikono imekataa."

Emily alifungua kinywa na hotuba yake ikawa imepotea. Bochaberi alitazama vidole, akautazama uso wa Emily, na yeye pia akaamini alichokiona.

"Kama uko na kinyongo bado, Mama Joyline," alisema, "hakuna mtu alikulazimisha." Akavuta mguu wake wa kulia uliokuwa haujaguswa maji, akavaa viatu vyote viwili, akatoka nje.

Hapo likazuka swali ambalo kanisa lile halijapata kulikuta. Je, muumini aliyetawadhwa mguu mmoja anaweza kushiriki meza ya Bwana? Swali lilipelekwa kwa Mzee Zachariah, mzee wa kwanza wa kanisa, mtu ambaye siku tano za wiki huuza majani ya chai na siku ya saba huhubiri dhidi ya kuyanywa. Alifungua kitabu cha kanuni, akatazama yaliyomo, akageuza ukurasa mmoja mmoja huku mkate ukingoja mezani. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na watu waliodhani kwamba anayeanza kuosha miguu atamaliza. Mwishowe Mzee Zachariah aliamua kwa busara yake kwamba Bochaberi ale mkate lakini asinywe maji ya zabibu. Bochaberi alituma jibu kwamba anakwenda nyumbani na miguu yake yote miwili.

Kufika Jumapili, Ikonge yote ilikuwa imesikia kwamba mikono ya Emily Nyanchoka imemshitaki mbele za Mungu. Kwenye kituo cha kununulia chai watu wasiokuwa na habari naye walitaka kumpa mkono. Osoro wa bodaboda alimbeba hadi sokoni na njia nzima akatazama vidole vyake kwenye kioo badala ya kutazama barabara, wakaponea chupuchupu kuingia mtaroni.

Emily aliwadharau wote, mchana. Lakini akiwa peke yake jambo lilimkaa kooni. Alikuwa amesema kutoka moyoni. Sasa akaanza kujiuliza moyo wenyewe ni mwaminifu kiasi gani. Inawezekana mtu asamehe na mikono isipate habari? Alifunga siku mbili. Alisoma zaburi za toba zote. Kisha, kwa kuwa ni mwanamke wa vitendo, akaamua kupima.

Alijificha nyuma ya jiko na beseni la maji ya chemchemi. Alitumbukiza mikono akisema kwa nia thabiti, "Nimemsamehe Bochaberi." Vidole vikawa vyeupe. Alingoja virudi rangi, akabadilisha maji, akasema, "Nimemsamehe Machogu," kwa mambo ambayo Machogu hata hajui ameyafanya. Vyeupe. Siku ya pili akamjaribu mama mkwe, aliyekwisha kufariki na ambaye Emily alimlilia kwa machozi ya kweli. Vyeupe. Akamjaribu mama yake mzazi, ambaye hajawahi kumkosea kitu tangu azaliwe. Vyeupe. Akamalizia kwa mjukuu wake wa miezi minne huko Nyanchwa, na vidole vikawa vyeupe kuliko siku zote, kwa sababu maji ya siku hiyo yalikuwa baridi zaidi.

Alikaa juu ya kuni akafikiri. Ama yeye ni mtu mbaya kuliko wote waliopata kuishi Nyamira, mwenye kinyongo hadi na mtoto anayenyonya, ama hili si jambo la kusamehe hata kidogo.

Machogu alimkuta hapo, ameshika vidole vyake vya rangi ya wino. Alivitazama kwa umakini anaoutumia kwa kwato za ng'ombe.

"Wewe si mwenye dhambi," alisema. "Wewe ni mgonjwa."

Lilimuuma neno hilo. Kati ya kuitwa mwenye dhambi na kuitwa mgonjwa, Emily angechagua dhambi, maana dhambi hutubiwa Sabato na Jumapili mtu akaenda shambani. Alimwambia Machogu ni uchovu. Machogu akasema kama ni uchovu basi daktari atauona, na asubuhi alikuwa amevaa koti, amesimama mlangoni, jambo ambalo hulifanya tu kwa mnada wa ng'ombe.

Katika kituo cha afya walimwona afisa wa kliniki aitwaye Marion, msichana mwenye miwani na subira, wa rika la Joyline. Emily alimwita daktari, kama tunavyofanya wote, kisha akamweleza kwamba haumwi.

"Sawa, mama," alisema Marion. "Basi niambie kuhusu huko kutoumwa. Kulianza lini?"

Ikatoka yote: umande, weupe, wino, wekundu, siafu, na Machogu akaongeza habari za majivu. Marion alikuwa akiandika. Alimfanya anyooshe mikono, akakagua ncha za vidole kama zina vidonda, akabonyeza ngozi, akauliza kuhusu viungo, kuhusu tumbaku, kuhusu dawa anazomeza. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mama, mishipa ya damu haiko kama bomba la plastiki. Kuta zake ziko na misuli midogo. Ukishika kitu baridi, ile misuli inakaza kidogo ili joto lisitoke mwilini. Mimi yangu inakaza, ya mzee hapa inakaza. Yako inakaza kupita kiasi. Ni kama askari wa geti ambaye akisikia tu hatua za mtu, anafunga, anaweka kufuli na kukimbia na ufunguo."

"Na damu?"

"Imebaki nje ya geti. Ndiyo maana kidole kinakuwa cheupe. Ile kidogo iliyobaki ndani ikiisha nguvu, kinakuwa cha samawati. Askari akirudi na kufungua, damu inaingia kwa fujo, kinakuwa chekundu na kuchoma."

Machogu aliuliza kama ng'ombe nao huwa hivyo. Marion alisema hajui, na Machogu akaonekana kusikitika kidogo juu ya elimu ya siku hizi.

"Kwa wengi ni usumbufu tu," Marion aliendelea. "Lakini imekuanza ukiwa mtu mzima, kwa hiyo nitatoa damu tupeleke maabara Kisii, tuone kama hakuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma yake. Vaa glovu. Vaa sweta, kwa sababu mwili mzima ukipata baridi vidole vinajua. Maji ya baridi uyaepuke. Ikizidi, kuna dawa ya kulegeza mishipa. Na mikono usiiweke kwenye majivu, mama. Ikiwa hivyo haisikii kitu. Utaungua na hutajua. Hata ushike sindano, hata ushike mchanga, huwezi kuhisi."

Emily, aliyekuwa anatafuta jinsi ya kukanusha habari za majivu, aliyasahau.

"Umesema mchanga?"

"Mchanga, sindano, chochote."

Machogu alidhani mkewe ameona kizunguzungu, akamshika bega. Emily alikuwa anaiona ile asubuhi ya Julai: beseni, chinsaga, maji ya chemchemi, vidole vyeupe vikipapasa majani na kukiambia kichwa kwamba ni safi. Vilimwambia ni safi kwa sababu havikuwa na habari ya lolote. Na yeye alikuwa akiharakisha, amwage maji ya pili asiteke ya tatu, akaviweke vidole karibu na moto kabla wageni hawajaviona. Ile mboga ilikuwa na mchanga. Bochaberi hakusema uongo. Aliyesema uongo ni Emily Nyanchoka, shemasi, na miaka mitatu baadaye akaenda na beseni na taulo kumsamehe mtu kwa kusema kweli.

"Daktari," alisema akiwa karibu na mlango, "ni baridi peke yake inafunga hilo geti?"

"Hapana. Hofu pia, au ukiwa na mambo mazito moyoni. Askari hawezi kutofautisha."

Emily hakuipenda habari hiyo.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki mbili. Hakukuonekana ugonjwa mwingine, ila Marion alimtaka arudi kila nusu mwaka, na upesi kama angeona kidonda kwenye ncha ya kidole. Joyline alituma glovu mbili za sufu kutoka Nyanchwa, moja ya kijani na moja ya zambarau, kwa sababu ya kijani ya pili ilikuwa imekwisha dukani. Emily alizivaa shambani chini ya glovu za mpira. Alichuma polepole kuliko zamani, jambo lililowafurahisha wengi.

Kwa baraza la kanisa alipeleka ombi moja, kwamba maji ya kutawadhana yapashwe moto. Lilijadiliwa kwa saa tatu. Mzee Zachariah alisema haoni mahali popote katika Maandiko ambapo Bwana aliwasha kuni kwanza. Mathew, mwalimu wa kwaya, akasema hata ubaridi wa maji haukuandikwa, na kwamba nchi ile ilikuwa ya joto, maji ya kule yakikaa kwenye mtungi yanapata uvuguvugu yenyewe, ambapo ya Ikonge yakikaa yanazidi kukasirika. Mzee Zachariah akasema tukianza kupasha maji, kesho tutataka sabuni ya kunukia. Mama Anyona akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba yeye angependa hiyo sabuni. Mwisho walikubaliana kwamba maji moto yatakuwepo kwa wale tu wenye sababu ya kiafya, wajiandikishe mapema.

Walijiandikisha wote. Kanisa zima lilikuwa na baridi yabisi.

Ikafika Sabato ya Oktoba. Sufuria tatu kubwa zilichemka nyuma ya kanisa, na mvuke ukapanda hadi kwenye mabati. Kwa wanaume, Mzee Zachariah aliingiza miguu yake kwenye beseni ili kuonyesha tu kwamba anatii uamuzi wa baraza, akafumba macho, na aliyekuwa akimtawadha alilazimika kumwuliza mara mbili kama amelala.

Kwa wanawake, Emily aliinua beseni. Aliwapita marafiki saba, na safari hii hakuna shingo iliyogeuka, maana zote zilikuwa zimegeuka tangu alipoingia. Bochaberi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho, viatu miguuni. Alikuwa amekuja, na Emily hakujua kama amekuja kutawadhwa au amekuja kuonekana akikataa.

"Sabato njema, Mama Geoffrey. Utaniruhusu tena?"

"Ule mguu mmoja bado uko safi," alisema Bochaberi. "Lakini njoo."

Emily alipiga magoti. Hakuwa na hotuba. Alivua glovu ya kijani, akavua ya zambarau, na hata kabla hajagusa maji alihisi ile ganzi anayoifahamu ikipanda kutoka kwenye ncha. Alitazama chini. Vidole vyote kumi vilikuwa vyeupe. Mbele yake beseni lilikuwa linafuka mvuke.

Mama Anyona alikuwa ameliacha tena jagi hewani. Emily angeweza kuvitumbukiza vidole majini haraka. Angeweza kurudisha glovu. Alitaka kukimbia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alivinyoosha mbele ya macho ya Bochaberi.

"Vitazame vizuri," alisema. "Ni ugonjwa. Mimi ni mgonjwa." Neno lilimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki. "Mishipa inabana, damu inabaki nje. Daktari alisema inabanwa na baridi, na inabanwa na hofu. Leo maji ni moto. Kwa hivyo hii ni hofu."

"Hofu ya nini?"

"Yako."

Bochaberi akavuta kiti karibu na beseni.

"Sikuja kukusamehe," alisema Emily. "Ile mboga ilikuwa na mchanga."

"Najua. Niliitafuna."

Mtu alicheka nyuma, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Niliiosha na vidole kama hivi. Havikusikia kitu. Na wewe ulisema kweli, na mimi nikakuita muongo mbele ya wageni, ndio wasijue. Nimekukosea, Bochaberi. Naomba unisamehe."

Bochaberi aliendelea kuvitazama vidole. Alikigusa kimoja kwa kidole chake, akashtuka kwa ubaridi wake.

"Imekuanza lini hii?"

"Miaka mitano."

"Mitano." Alihesabu kimoyomoyo, na midomo yake ikakaza. "Tumekosana miaka mitatu. Kwa hivyo ile miwili ya kwanza tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na wewe, na hukuniambia."

Machozi yalikuwa yanamtoka Emily, na mikono ilikuwa imekufa ganzi hata asiweze kuyafuta.

"Mchanga ningekusamehe siku ile ile," alisema Bochaberi. "Hii nyingine, ngoja kwanza niikasirikie." Akaishika mikono ya Emily, akafungua vifungo vya sweta yake, akaipeleka yote miwili kwapani, mmoja kulia na mwingine kushoto, akaibana kwa nguvu jinsi mtu anavyombana mtoto aliyetoka mtoni. Alisisimka mwili mzima. "Ai, mama. Hivi ndivyo ulikuwa unalala na Machogu?"

Sasa waliocheka hawakukohoa.

Wenzao walimaliza, wakavaa viatu, wakaingia kanisani wawili wawili. Maji ya beseni yaliacha kufuka. Mzee Zachariah, akiwa na mkate mezani na hofu ya kuulizwa tena maswali magumu, alimtuma Mama Anyona aje aulize kama miguu imekwisha.

"Mwambie tumeanza na mikono," alisema Bochaberi.

Wakabaki wawili tu, mmoja kitini na mwingine magotini, nyuso karibu karibu. Bochaberi alinukia moshi na mafuta ya nazi, vilevile kama siku zote. Alianza kuuliza habari za mjukuu, ana meno, anafanana na nani, na Emily akawa anajibu. Vidole vilipita kwenye wino, vikaingia kwenye wekundu, vikachoma sana, kisha vikatulia. Kule ndani wimbo ulikuwa umeanza.

"Vimepata joto?" aliuliza Bochaberi.

"Bado," alisema Emily Nyanchoka. Vilikuwa na joto kama mkate uliotoka motoni, naye alikuwa katika ua wa nyumba ya Mungu, na uongo ule hakuutubu.